Mtu Ndani ya Marinda

Mashine ya kusaga ya kijiji chetu ililetwa Januari, ndani ya kasha kubwa la mbao, na hadi Juni ilikuwa haijasaga hata punje moja. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inamsubiri mgeni.

Aliyeamua isubiri ni Mwenyekiti wa kijiji, Marselino. Nisimwonee: hakuwa mwizi. Hakuuza boliti wala kikombe cha dizeli. Tatizo lake ni kwamba aliipenda ile mashine kuliko sisi tuliotaka kuitumia. Alisema kitu kikubwa vile hakiwashwi hivi hivi kama jiko la mkaa. Lazima kizinduliwe, na mzinduzi awe mtu mzito. Alipokuja bwana shamba wa wilaya, Marselino alimtazama juu mpaka chini akaona huyu ni mdogo. Alipokuja mtu wa ushirika, huyo naye mdogo. Padri alipokuja kubariki mbegu, Mwenyekiti alikiri kwamba huyo ni mkubwa, lakini wa upande mwingine.

Basi kasha likakaa ofisini. Viti vya ofisi vilikuwa viwili, kimoja cha katibu na kingine kimevunjika mguu, kwa hiyo Marselino akatandika blanketi juu ya kasha na kuketi hapo. Aliendeshea kijiji kizima pale, amevaa koti lake refu la baridi na kofia, miguu haifiki chini. Banda la mashine tulikuwa tumeshalijenga. Wanawake tulifyatua matofali na kuyachoma, wanaume wakaezeka mabati, na sasa mbuzi walilala humo vizuri kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Mimi nilikuwa bibi maendeleo. Chuo kilinipa stashahada, wilaya ikanipa baiskeli. Stashahada imedumu zaidi. Mume wangu Andwele alikuwa bwana mifugo. Wote wawili tulitoka Tukuyu kuja kufanya kazi Ufipa, na watoto wetu wakajifunza Kifipa haraka kiasi kwamba walianza kutusengenya mbele yetu. Kijijini niliitwa Mama Atu, kwa jina la binti yangu Atusaye.

Jirani yangu alikuwa Silvana. Kila alfajiri nilisikia jiwe lake la kusagia likikwaruza ulezi, kabla hata jogoo hajaamua kuwika. Mwezi ule alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na lile tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo hawezi tena kuliinamia jiwe. Akawa anasaga ubavu ubavu, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Njia nyingine ilikuwa kujitwika debe mpaka Sumbawanga mjini, kupanga foleni, na kurudi jua likizama.

"Silvana," nilimwambia, "utajifungulia kwenye jiwe."

"Mtoto atatoka na unga usoni," alisema. "Atapendeza."

Alicheka, kisha akashika kiuno na kufumba macho, na mimi sikucheka. Nilitaka mashine ile isage kabla mtoto hajazaliwa.

Nililipeleka jambo hilo mkutanoni. Mwenyekiti akasema hoja za akina mama zitazungumzwa kwenye mengineyo. Kabla ya mengineyo mvua ikanyesha, tukatawanyika. Mkutano uliofuata mvua haikunyesha, lakini tulitawanyika vilevile. Nikamfuata ofisini. Nikasimama, maana ukimwacha katibu, mwenye pa kukaa alikuwa yeye tu.

"Ndugu Mwenyekiti, umekalia unga wa watu."

"Nimeulinda, Mama Atu. Panya hawajaugusa."

"Panya hawali chuma."

"Unaona sasa jinsi nilivyoulinda?"

Mtu wa namna hiyo huwezi kumgombeza. Hakuna mahali pa kushika.

Ndipo tukapata habari kwamba mgeni anakuja kutoka mkoani kukagua vijiji. Mimi nilifurahi. Marselino akasugua kidevu.

"Wa mkoani," akasema. "Hm."

"Hm ya nini? Unataka mkubwa gani tena?"

"Mama Atu, mkoa wenyewe ni mpya. Juzi tu tulikuwa hatuna mkoa. Huyu tumpe chai na ngoma. Mashine tumsubirishie wa taifa."

Katika ratiba ya ziara wanaume walipewa hotuba, risala na majibu ya risala. Wanawake tulipewa "salamu na burudani". Marselino akanikabidhi jora la marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, kutoka duka la kijiji nishone sare za ngoma. "Uzipambe," akaagiza. "Weka mambo ya maendeleo." Hapo alikuwa amenipa alichokuwa hajui anatoa.

Kuchapa vitambaa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na naijua. Mihuri nilikuwa nachonga kwenye nyayo za kandambili zilizokufa, nikizigandisha juu ya vipande vya mbao. Kandambili inachongeka vizuri kwa wembe na inashika rangi. Rangi ya dukani haikuwepo, kama vitu vingine vingi vya dukani miaka ile, kwa hiyo nilichemsha magome nikapata kahawia, na nyeusi niliipata kwa misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye togwa iliyochacha. Nyumba ilinuka hivi kwamba Andwele alisema afadhali josho la ng'ombe.

Siri ya nakshi ni kurudia. Chapa picha moja, watu wataitazama na kuuliza ni nini. Ichape mara nyingi kwa mpangilio, ifuatane na kupishana, nao watasema, "Aa, mapambo," na kuacha kuuliza. Unaweza kuficha ng'ombe kwenye nakshi, mradi awe na wenzake wa kutosha. Nilikuwa nimeshawahi kuchapa kitambaa cha meza cha ofisi chenye midomo iliyo wazi na masikio yenye vizibo. Kilitandikwa mwaka mzima. Kila mkaguzi alisifu maua.

Kwa sare za ngoma nilichonga mihuri miwili. Wa kwanza ulikuwa duara lenye mistari: matuta yetu ya Ufipa, yale ya mviringo ambayo wakulima hufukia majani chini yake. Ukisimama mlimani mwezi wa matuta, bonde zima limejaa vidoti. Hilo lilikuwa ndilo "jambo la maendeleo". Wa pili ulikuwa mtu mnene mwenye koti na kofia, ameketi juu ya kasha, miguu inaning'inia. Ubavuni mwa kasha niliweka gurudumu la mashine, ili hata mtu mzito wa kuelewa asikosee.

Nikachapa kwa mistari ya kusimama: mstari wa matuta, mstari wa mtu, matuta, mtu. Kisha nikashona sketi za marinda, kila rinda nikilikunja ili limmeze yule mtu. Mwanamke akisimama wima, unaona matuta tu. Akichuchumaa na kutanua magoti, marinda yanafunguka, na yule mtu anatokea pande zote kwa wakati mmoja, ameketi, ameketi, ameketi.

Na hapa kwa Wafipa mgeni wa heshima hasalimiwi umesimama. Mwanamke anachuchumaa na kupiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito. Kadiri mgeni alivyo mkubwa ndivyo unavyokaa chini zaidi.

Nilizijaribu sketi kwa Mama Epifania, mjane aliyeongoza ngoma yetu na ambaye kila mtu kijijini, Marselino akiwemo, alimwamkia shikamoo. Alichuchumaa mbele ya dirisha langu, akatazama mapajani mwake, akakunja uso. Nikadhani amekasirika.

"Hii kofia," akasema hatimaye, "umeipatia."

"Asante, mama."

"Lakini tumbo umemhurumia."

Wanamgambo wa kijiji wasingeweza kutunza siri vizuri kuliko wale wanawake. Mpango ulikuwa rahisi. Mgeni atakaa uwanjani kwenye kiti cha kuazima cha shule. Tutamsalimu, ataona picha, atajiuliza. Kisha ataingizwa ofisini kunywa chai, na huko atamkuta mtu wa koti na kofia juu ya kasha. Mtu mwenye macho mawili atajumlisha mwenyewe. Sisi tutakuwa hatujasema neno. Tumetoa salamu na burudani tu.

Siku yenyewe upepo wa Juni ulikuwa unakata masikio. Tulijipanga nyuma ya ofisi, wanawake wote na marinda yao yamefungwa, uwanja mzima wa matuta. Silvana naye alikuja. Nilimkataza, akasema hawezi kukosa, kisha akajiweka mwisho wa mstari akijishikilia ukutani.

Mara tukasikia wanaume wakihema, "Polepole! Shika huko! Mguu wangu!" Nikachungulia pembeni. Kundi la vijana lilikuwa linatoa kasha nje ya ofisi, Marselino akiwaongoza kama anaingiza meli bandarini.

Nilimkimbilia. "Mwenyekiti, kasha linakwenda wapi?"

"Kiti cha shule ni kifupi, Mama Atu. Mgeni atafanana na mwanafunzi. Juu ya hili ataonekana."

"Wewe utakaa wapi?"

"Mimi nitasimama. Leo si siku yangu." Alisema kwa unyenyekevu wa kweli, na akatandika juu yake blanketi jipya na kitambaa kilichofumwa na mkewe.

Wakati huohuo gari la mgeni likaingia uwanjani. Akashuka mtu mfupi, mnene, mwenye koti refu la baridi. Alikuwa na kofia.

Nilirudi nyuma ya ofisi mbio.

"Jamani, mambo yameharibika. Mgeni ndiye atakayekaa kwenye kasha. Na amevaa kama yeye!"

"Kama nani?" akauliza Silvana.

"Kama yule wa kwenye sketi!"

Wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, akabanwa mdomo na mwenzake. Mimi nilikuwa nawaza barua ya uhamisho na watoto watatu juu ya lori la kwenda Kabwe, ziwani, ambako hata jiwe la kusagia ningekuwa sina. Na mashine? Mgeni aliyetukanwa angeondoka kwa hasira, na Marselino angepata sababu ya kutuambia kwamba wanawake wamekiharibia kijiji jina. Angeketi juu ya lile kasha mpaka mtoto wa Silvana ashike jembe.

"Sikilizeni," nikasema. "Leo hatuchuchumai. Tunainamisha vichwa tu, tunacheza wima, tunaondoka wima. Magoti yabaki pamoja. Umenisikia, Mama Epifania?"

"Nimesikia, mwanangu."

Tukatoka. Mgeni alikuwa ameshapandishwa juu ya kasha, miguu inaning'inia. Hata mimi niliyemchonga mwingine nilishangaa. Tukasimama mbele yake wima kama miti ya simu, tukainamisha vichwa, tukapiga makofi.

Wazee wakaanza kunong'ona. Marselino akatutazama kama tumemvulia nguo.

"Akina mama!" akaita. "Ni nini hicho?"

"Ni salamu, Ndugu Mwenyekiti," nikajibu.

"Salamu ya wapi? Hivyo ndivyo mgeni anavyosalimiwa Ufipa? Mama Epifania, na wewe? Mnataka Ndugu Mgeni akasimulie mkoani kwamba wanawake wetu hawana adabu? Hebu msalimuni vizuri!"

"Magoti yanauma, baba," alisema Epifania. "Baridi."

"Yamewauma wote siku moja?"

Mgeni akainua mkono. "Waache tu, Ndugu Mwenyekiti, si lazima…"

"Ni lazima!" alisema Marselino. "Chini! Chini kabisa!"

Mama Epifania alinigeukia. Nilitikisa kichwa. Naye akanitazama kwa namna ambayo mama yangu alikuwa akinitazama nikichelewa kuchota maji, akamgeukia mgeni, na akashuka. Akashuka mpaka chini kabisa kama alivyoamriwa, magoti yakatanuka, marinda yakafunguka. Mstari mzima ukamfuata. Makofi yakaanza, po, po, po, na kwa kila kofi sketi zikatetemeka, na yule mtu mnene juu ya kasha akatokea uwanja mzima, kwenye kila paja, akitikisika kama aliyemo ndani ya basi la barabara mbovu.

Mgeni alikuwa anatabasamu. Tabasamu likaganda. Akainama mbele. Akatazama sketi ya Epifania, akatazama ya jirani yake, akatazama miguu yake mwenyewe inayoning'inia. Akavua kofia, akaitazama nayo.

"Haya maua," akasema taratibu, "yana miguu."

Makofi yakafifia.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mtu, baba," alisema Epifania kutoka chini. "Amekaa."

"Namwona amekaa. Amekaa juu ya nini?"

"Juu ya unga wetu."

Mgeni alitafuta kwa macho mpaka akanipata. Kati ya wanawake mimi tu ndiye niliyebaki nimesimama. "Bibi maendeleo. Umechapa wewe?"

"Nimechapa mimi."

"Huyu ni mimi?"

Stashahada haifundishi jibu la swali hilo. Nilimwangalia Silvana. Alikuwa amechuchumaa kwa shida, mkono mmoja ardhini, na nilijua hatainuka bila kusaidiwa. Nikaona kama ni Kabwe, basi na iwe Kabwe.

"Hapana, ndugu," nikasema. "Nilimchonga kabla sijakuona. Lakini leo umekaa palepale."

Akateremka, ilimbidi aruke, akainua kitambaa kilichofumwa, akainua blanketi. Akakuta mbao, maandishi ya kiwandani, na picha ya gurudumu.

"Hii si mashine ya kusaga? Niliambiwa mlipewa Januari."

"Tulipewa," alisema Marselino, "na tumeitunza sana, ndugu. Haina mkwaruzo."

"Kwa nini haijafungwa?"

"Tulikuwa tunasubiri uzinduzi, ndugu. Tunamsubiri mgeni mkubwa."

Naapa hakukusudia ubaya. Neno lilimtoka tu kama chafya. Mgeni alirudisha kofia kichwani, akaiweka sawa.

"Mkubwa kuliko nani?"

Marselino akaanza kulikunja blanketi. Kisha Silvana akacheka, kutoka pale chini alipokuwa, kicheko chake cha kupasuka, akafuatiwa na Epifania, na mstari wote, na wazee, na wale vijana waliobeba kasha. Mwishowe mgeni mwenyewe akageuka pembeni, mabega yakimtikisika.

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Mgeni mdogo anaomba nyundo."

Kasha lilifunguliwa palepale. Hotuba hatukuisikia, wala risala, wala majibu ya risala. Dereva wake, aliyekuwa anaelewa injini ya mashine kuliko hata ya gari alilokuja nalo, akavua shati katika ile baridi. Mbuzi wakafukuzwa bandani. Kuisimika mashine kulichukua muda zaidi, maana saruji inataka kukauka hata kama watu wana njaa, lakini fundi aliletwa kutoka mjini na mgeni akasema atarudi kuisikia ikinguruma. Kweli alirudi. Debe la kwanza lilikuwa la Silvana. Hapakuwa na utepe. Alisimama mbele ya mashine na tumbo lake, akapokea ule unga wa ulezi wa moto mikononi, akaupaka usoni, akanigeukia.

"Mtoto atatoka msafi," akasema. "Nimemtangulia mimi."

Akajifungua Jumapili iliyofuata, wa kike, wakambatiza Adela.

Nilikuwa sijasahau kwamba bado nina Mwenyekiti. Siku chache baadaye nilimwona anakuja nyumbani, koti, kofia, na kifurushi kwapani. Nikawaingiza watoto ndani. Nilikuwa na maneno yangu tayari, na hayakuwa ya kuomba radhi.

"Mama Atu, hodi."

"Karibu. Kama ni ugomvi, uanze, nina nguo majini."

"Si ugomvi." Akafungua kifurushi. Kilikuwa kipande cha marekani. "Nataka shati."

"La aina gani?"

Akasafisha koo. "Lenye ile picha."

Nilimwangalia vizuri nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa na aibu kama mvulana anayeomba kuchumbia.

"Watu wananiita hata kutoka kijiji cha pili," alisema. "Wanasema mwenyekiti aliyepigwa chapa. Hakuna mwenyekiti mwingine mkoa mzima aliye kwenye nguo. Ila shati halina marinda, nitaonekana wakati wote, kwa hiyo nilikuwa naomba ubadilishe kidogo. Mashine inasaga sasa. Kwa nini mimi bado nimekaa? Nisimamishe."

"Umesimama lini, Mwenyekiti? Jana nimepita mashineni. Kuna benchi mlangoni, na juu ya benchi ulikuwepo wewe, unawapangia wanawake foleni."

"Nasimamia."

"Unakaa. Mimi nachonga ninachokiona. Siku nitakayokukuta umesimama, utasimama."

Akafunga kifurushi polepole. Nikadhani sasa ugomvi umepatikana. Lakini alikiacha mezani, akaniaga, akaondoka.

Kesho yake nilipeleka mahindi yangu. Benchi lilikuwa limeegeshwa ukutani. Marselino alikuwa amesimama mlangoni mwa mashine, kofia nyeupe kwa unga, amekumbatia debe la Silvana wakati Silvana anamnyonyesha Adela kivulini. Debe lilikuwa zito, lakini hakuliweka chini. Alikuwa ananitazama, aone kama nimekuja na wembe wa kuchongea.